Panga likiinuliwa usingizini: Silaha za ndotoni na maana yake kwa watu wa Bura

KWA mkazi wa Bura, panga ni kifaa cha kazi kabla ya kuwa silaha. Ndilo hufyeka mathenge yanayovamia mifereji ya maji, ndilo hukata mikungu ya ndizi kandokando ya Mto Tana, na ndilo humfuata mkulima shambani asubuhi na kurudi naye jioni. Mkuki nao, kwa mfugaji anayelinda ng'ombe nyikani dhidi ya fisi na simba, ni sehemu ya mavazi yake kama kikoi alichojifunga kiunoni. Kwa hivyo mtu wa sehemu hii anapoamka usiku wa manane, moyo ukimdunda kwa kuwa ameona panga likiinuliwa au mkuki ukipaa kuelekea kifuani mwake, maana ya ndoto hiyo haiwezi kupatikana kwa kufungua kitabu ukurasa fulani na kusoma jibu.

Hata hivyo, ndivyo inavyofanywa mara nyingi. Vijitabu vya tafsiri za ndoto huuzwa nje ya misikiti na katika vituo vya mabasi, na siku hizi simu ya mkononi hutoa jibu kabla aliyeota hajanawa uso. Upanga ni hivi, mshale ni vile, bunduki ni adui. Wengine humwendea shekhe, wengine pasta, na wapo wanaomwendea mganga, ambaye aghalabu hamalizi mazungumzo bila kudokeza jina la jirani.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Tana River ni kaunti ambayo silaha zimewahi kutembea mchana na usiku watu wakiwa macho. Ndoto ya panga ikifasiriwa vyema inaweza kumtuliza mtu aliyeumia. Ikifasiriwa ovyo, inaweza kumfanya jirani aonekane adui kabla hajatenda lolote. Ni vyema basi kutazama jinsi wenye elimu ya jambo hili, wa kale na wa sasa, walivyoielewa silaha inayoonekana ikisogea usingizini.

Upanga uliovunjika

Bura ni eneo lenye Waislamu wengi, na ndoto mashuhuri zaidi ya silaha yenye mwendo katika mapokeo ya Kiislamu imesimuliwa na sahaba Abu Musa al-Ash'ari na kuhifadhiwa katika mikusanyo ya hadithi ya Bukhari na Muslim. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliota akiupunga upanga, nao ukavunjika. Akaupunga tena, ukarejea ukiwa mzuri kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kuvunjika kule alikufasiri kuwa maafa yaliyowapata waumini katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, yaani 625 Miladia, ambapo takriban Waislamu 70 waliuawa. Kurejea kwa upanga alikufasiri kuwa ushindi na mshikamano uliofuata baadaye.

Msomaji atazame kwa makini ni nani anayewakilishwa na nini katika ndoto hii. Upanga haukuwa adui. Ulikuwa watu wake mwenyewe aliyeota, masahaba waliosimama pamoja naye, na ulipovunjika ni wao waliopungua. Wengi wetu tukiona silaha ndotoni hukimbilia kuuliza ni nani anayetutaka mabaya, ilhali katika mfano huu mkubwa kuliko yote swali lilikuwa ni nani wa upande wetu atakayeanguka. Isitoshe, katika ndoto hiyohiyo aliona ng'ombe pia, na ng'ombe hao wakafasiriwa kuwa waumini waliouawa. Mfugaji wa Kiorma, ambaye kwake ng'ombe ni mahari, ni akiba na ni heshima ya nyumba, hahitaji kuelezwa kwa nini ng'ombe asimame mahali pa mtu.

La pili la kuzingatia ni kwamba maana ilitokana na mwendo. Upanga uliotundikwa ukutani usingesema neno. Ulisema ulipopungwa, ulipovunjika na ulipopungwa mara ya pili. Mtu aliyeamka baada ya pigo la kwanza angekuwa na nusu ya habari tu.

Mkate uliobingiria kambini

Sehemu za chini za mto, kuelekea Ngao na Garsen, kuna Wapokomo wengi walio Wakristo, nao wana ndoto yao katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 7. Usiku mmoja Gideoni alinyemelea kambi ya Wamidiani akamsikia askari akimsimulia mwenzake alivyoota mkate wa shayiri ukibingiria hadi kambini, ukaigonga hema, hema ikapinduka na kulala chini. Mwenzake akafasiri papo hapo kwamba huo ulikuwa upanga wa Gideoni.

Ni tafsiri ya ajabu kwa mtazamo wa kwanza, kwa kuwa ndotoni hamkuwa na silaha yoyote. Lakini ukirudi nyuma hadi sura ya 6 utaelewa. Wamidiani walikuwa wafugaji waliokuja na mifugo, ngamia na hema zao na kuharibu mazao ya Waisraeli, kiasi kwamba Gideoni mwenyewe alikuwa akipura ngano mafichoni. Mkate ni chakula cha mkulima na hema ni nyumba ya mfugaji. Askari yule alijua vyema nani alikuwa na kinyongo na nani, na mkate ulipoigonga hema alihitaji hatua moja tu kufika kwenye upanga. Kwa maneno mengine, mfasiri alisoma hofu iliyokuwa tayari imejaa kambini.

Sidhani kuna aya nyingine ya maandiko inayopaswa kusomwa kwa uangalifu zaidi katika Tana River. Mgogoro kati ya mkulima anayelinda shamba na mfugaji anayetafuta malka, yaani njia ya kuwafikisha ng'ombe mtoni, ndio uliozua umwagaji damu mkubwa katika kaunti hii. Na simulizi ya Gideoni haikuishia kwenye tafsiri. Aliposikia maneno yale alirudi kwa watu wake 300 na kuishambulia kambi usiku uleule. Ndoto ya mtu mmoja, iliyofasiriwa na mwenzake kwa sauti ya chini, ilisikika upande wa pili na vita vikaanza kabla ya mapambazuko. Muumini atasema yalikuwa mapenzi ya Mungu, na mwandishi hana ugomvi na hilo. Lakini katika kijiji cha leo, kuta za matope zina masikio kama hema za Midiani.

Aliyeota ni nani?

Elimu ya kufasiri ndoto iliyoenea katika Pwani ya Afrika Mashariki ilifika na vitabu vya Kiarabu. Jina linalotajwa zaidi ni la Muhammad ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 8. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina lake viliandikwa na watu waliokuja muda mrefu baada yake, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Baadaye Abd al-Ghani al-Nabulusi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kamusi kubwa ya ndoto iliyopangwa kwa herufi. Na Waarabu wenyewe walikuwa wameongeza katika hazina yao elimu ya Mgiriki Artemidorus wa karne ya 2, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9 na tabibu Hunayn ibn Ishaq.

Wazee hawa walikuwa na kanuni ambayo vijitabu vya mtaani vimeiacha njiani. Artemidorus alisisitiza kwamba mfasiri ni lazima ajue kazi ya aliyeota, umri wake, hali yake ya mali na desturi za kwao, kabla ya kufungua kinywa. Kuhusu Ibn Sirin, husimuliwa kwamba watu wawili walimjia wote wakisema wameota wakiadhini. Mmoja alimwambia kwamba atakwenda kuhiji na mwingine akamwambia kwamba atakamatwa kwa wizi. Ndoto ilikuwa moja, watu walikuwa wawili.

Tuilete kanuni hiyo Bura. Hapa kuna mkulima wa mradi wa unyunyizaji, ambao familia za kwanza zilihamia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka pembe nyingi za Kenya kulima pamba. Kuna Mpokomo ambaye babu zake walilima kingo za mto tangu jadi. Kuna Muorma na Mwardei wenye mifugo. Kuna askari wa akiba aliyekabidhiwa bunduki na serikali, muuza nyama, na mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani. Wote hawa wakiota panga likishuka kwa nguvu, itakuwa kichekesho kuwapa jibu moja. Mkulima aliyeshinda siku nzima akikata mathenge, mti uliopandwa hapa miaka hiyohiyo ya 1980 ili uwe kuni na sasa umegeuka kero, huenda mikono yake inaendelea tu na kazi ambayo mwili haujaimaliza. Muuza nyama vivyo hivyo. Mapokeo ya Kiislamu yana nafasi ya ndoto za namna hii: hadithi zinagawanya ndoto katika mafungu matatu, yaani bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na yale ambayo mtu huizungumzia nafsi yake mchana. Fungu la tatu, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lisilomletea mganga hata shilingi.

Mwendo na maana zake

Ukivisoma vitabu vya mapokeo haya kwa utulivu utaona kwamba silaha iliyotulia na silaha inayosogea hazihesabiwi kuwa kitu kimoja. Upanga uliovaliwa ubavuni hufasiriwa kuwa mamlaka au cheo. Ukiwa mkononi, aghalabu ni mtoto wa kiume. Unapoanza kusogea, maana huhama kutoka kwa kitu kwenda kwa tendo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa upanga unaochomolewa alani. Kwa mtu ambaye mkewe ni mjamzito, hiyo ni ishara ya kujifungua. Ala ikivunjika na upanga ukabaki mzima, wafasiri walisema mama atafariki na mtoto ataishi. Upanga ukivunjika ndani ya ala iliyo nzima, mtoto ndiye atakayefariki. Leo tafsiri hii inasikika kuwa ya kikatili, na hakuna mkunga wa Bura anayepaswa kuitegemea badala ya kliniki. Lakini inaonyesha jinsi walivyofikiri: kinachotoka kilichofichwa, kinachobeba na kinachobebwa. Panga halina ala kila mara, na ndiyo sababu tafsiri ya upanga haiwezi kuhamishiwa kwenye panga la shambani bila kufikiri.

Kupiga kwa upanga, kwa upande mwingine, mara nyingi kulifasiriwa kuwa ni ulimi. Aliyeota akimkata mtu anaweza kuwa amemsema au yuko karibu kumsema kwa maneno makali. Na mshale, ambao kati ya silaha zote ndio wenye mwendo mrefu zaidi, huwa ni neno au ujumbe: barua iliyotumwa, ombi lililopelekwa, kauli isiyoweza kurudishwa ilikotoka. Mshale ukifika shabaha, jambo limetimia. Ukipotea njiani, limekwama. Wapokomo na majirani zao waliotumia mishale katika uwindaji wanaufahamu ule muda mfupi kati ya uzi kuachiliwa na mshale kutua, ambapo hakuna linaloweza kufanywa tena. Pengine ndio unaofanya ulinganisho huo na neno uwe na nguvu kiasi hicho.

Mkuki hutajwa kuwa ndugu, mtoto au safari. Kisu hutajwa kuwa hoja inayokata shauri.

Na bunduki? Ibn Sirin hakuijua. Katika Tana River, bunduki ziliingia katika maisha ya watu wa kawaida kwa awamu: wakati wa vita vya shifta kati ya 1963 na 1967, kisha kwa wingi zaidi baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia mwaka 1991, majangili walipotamba katika barabara ya Garissa kuelekea Malindi na magari yakalazimika kusafiri kwa msafara. Wanaofasiri ndoto siku hizi huilinganisha risasi na mshale, kwamba ni neno linaloumiza kutoka mbali. Ulinganisho huo una kasoro. Mshale huonekana ukija; risasi haionekani. Anayeota akipigwa risasi aghalabu husikia mlio au huona mwanga, na mara nyingi hamwoni aliyepiga. Kama ni lazima kuipa maana, basi ni heri kusema ni hofu isiyo na uso kuliko kusema ni adui fulani.

Kuna pia ndoto ambayo silaha inakataa kusogea, pale mtu anapofyatua bunduki isilipuke, au anapoinua mkono ukawa mzito kama jiwe, au anapokimbia miguu ikazama mchangani. Sayansi ina la kusema hapa. Mwaka 1953, watafiti Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza awamu ya usingizi ambayo macho husogea kwa kasi chini ya kope, na ambayo ndoto nyingi zilizo dhahiri hutokea. Baadaye iligunduliwa kwamba katika awamu hiyo misuli mikubwa ya mwili hulegezwa kabisa, na baadhi ya wataalamu huhusisha hali hiyo na mikono na miguu inayogoma ndotoni. Awamu hizo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Si ajabu basi kwamba waaguzi wengi wanazipa ndoto za alfajiri uzito kuliko za usiku mkuu, kwani hizo ndizo mtu anazoamka akizikumbuka.

Kuhusu kufukuzwa, tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi mbalimbali, zikiwemo Canada, Ujerumani na China, zimeiweka ndoto hiyo miongoni mwa zile zinazotajwa na watu wengi zaidi. Mtu wa Toronto ambaye hajawahi kuona mkuki nje ya jumba la makumbusho naye hufukuzwa usingizini. Mwaka 2000 mtaalamu wa Ufini, Antti Revonsuo, alitoa nadharia kwamba ndoto za hatari ni mazoezi, kwamba ubongo hujifunza usiku jinsi ya kuepa kile kinachoweza kuua mchana. Yeye na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti uliolinganisha ndoto za watoto wa Kikurdi kaskazini mwa Iraq, waliokulia vitani, na za watoto wa Ufini. Watoto wa Kikurdi waliota hatari mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi.

Panga lilelile, mlango uleule

Matokeo hayo yanatufikisha kwenye ndoto ambayo vitabu vya kale havikuitosheleza.

Mnamo Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa katika eneo la Tarassa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Silaha zilikuwa mapanga, mikuki, mishale na moto. Septemba 7 ikawa zamu ya Chamwanamuma, na Septemba 10 watu 38, wakiwemo maafisa wa polisi, waliuawa Kilelengwani. Desemba 21 kijiji cha Kipao kikashambuliwa alfajiri na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Waliouawa walikuwa Wapokomo na Waorma. Serikali iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka. Kabla ya hapo kulikuwa na mapigano ya 2000 hadi 2002 yaliyochochewa na mpango wa kugawa ardhi. Baadaye, mnamo Oktoba 2024, uhasama ulipozuka tena katika kaunti, serikali ililazimika kutangaza baadhi ya maeneo kuwa yenye misukosuko na hatari na kuamuru silaha haramu zisalimishwe.

Aliyenusurika mashambulizi hayo anapoota panga likiinuliwa, panga hilo haliwakilishi ulimi, mtoto wala cheo. Ni panga lilelile aliloliona, mlangoni palepale, likishikwa na mkono uleule. Ndoto haifasiri chochote, inarudia.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechapisha mwaka 1900 kitabu kikubwa cha kufasiri ndoto, alidai kwamba kila ndoto ni tamanio lililojificha, na silaha ndefu zenye ncha akaziona kuwa ishara ya maumbile ya kiume. Dai hilo la mwisho limezua mizaha mingi na hatutalifuata hapa. Lakini Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, alikutana na askari waliorejea mahandakini kila usiku, wakaamka wakipiga mayowe. Hakuna aliyetamani kurudi huko. Katika maandishi yake ya 1920 alilazimika kukiri kwamba ndoto za namna hiyo zinakwenda kinyume na nadharia yake. Ilichukua miaka 60 zaidi kabla ya chama cha madaktari wa akili cha Marekani kuuingiza ugonjwa huu wa kiwewe katika orodha yake rasmi, mwaka 1980.

Dalili zake hazikomei usingizini. Mgonjwa hushtuka pikipiki ikipita kwa ghafla, huepuka njia iendayo mahali pa tukio, hukasirika upesi, na wengine huogopa kulala kabisa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba amerogwa ni kumwongezea jeraha. Ni kosa pia mbele ya sheria kumtaja mtu kuwa mchawi kwa namna hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Uchawi iliyopo Kenya tangu 1925, ingawa ni nadra kuona mganga akishtakiwa kwa kuagua ndoto.

Asimuliwe nani?

Dini na tiba zinaonekana kupingana katika swali hili. Mapokeo ya Kiislamu yanamtaka aliyeota vibaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ageuke ubavu, na asimsimulie mtu. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, mtu mmoja alimwambia Mtume kwamba ameota kichwa chake kimekatwa kikabingiria naye akakikimbilia. Mtume alicheka na kumwambia asiwasimulie watu jinsi shetani anavyomchezea usingizini. Waganga wa akili, kwa upande wao, humtaka mgonjwa aeleze ndoto yake kwa ukamilifu.

Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachokatazwa ni kuitangaza ndoto mbaya kwa watu, yaani barazani, sokoni, kwenye kilinge cha miraa. Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yakubu aliisikiliza ndoto ya mwanawe, lakini akamwonya asiwasimulie ndugu zake wasije wakamfanyia vitimbi. Kulikuwa na mtu mmoja wa kusikia na kulikuwa na wasiopaswa kusikia. Ndoto ya Muorma kuhusu Mpokomo mwenye panga, au ya Mpokomo kuhusu Muorma mwenye mkuki, ikitolewa barazani wakati ng'ombe wameingia shambani au visima vimekauka, haibaki kuwa ndoto. Hugeuka habari, kisha ikawa onyo, na ifikapo jioni kuna kijana anayenoa.

Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wa Matadheda kwa Waorma, ambao wamekuwa wakikutanishwa kusuluhisha mizozo, wana nafasi hapa ambayo daktari hana. Mzee anayeletewa ndoto ya kutisha anaweza kuuliza kwanza yale ambayo Artemidorus na Ibn Sirin wangeuliza. Umekula nini jana? Umegombana na nani? Kuna kesi ya shamba? Hii ni mara ya ngapi? Na uliliona jambo hili kwa macho yako mwaka gani?

Jibu la swali la mwisho likiwa 2012 au 2024, tafsiri haihitajiki tena, inahitajika tiba. Mojawapo ya tiba zilizofanyiwa utafiti ni ya kuibadilisha ndoto mtu akiwa macho. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuitumia kwa wanawake waliokuwa wamedhulumiwa kingono, na jinamizi zao zilipungua. Utaratibu ni rahisi kueleza. Mgonjwa huchagua ndoto moja, na ni vyema isiwe ile kali kuliko zote. Huiandika au kuisimulia, kisha huibadilisha apendavyo, na huupitia mchezo huo mpya akilini kwa dakika chache kila siku kwa majuma kadhaa. Anayefuatwa na panga anaweza kuchagua liendelee kusogea, lakini lishuke juu ya kichaka cha mathenge, na mwenye kulishika awe marehemu babake akisafisha mfereji. Haambiwi asahau. Anaupa mkono ule kazi nyingine.

Tiba hii huhitaji msimamizi aliyefunzwa, na hilo ndilo gumu kwa Bura. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho yanayozipa serikali za kaunti wajibu mkubwa zaidi. Karatasi imetangulia, wauguzi wanafuata kwa mbali. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 Riketa iliposhambuliwa alitimiza miaka 20 mwaka 2022, na huenda yeye mwenyewe sasa ana mtoto anayeshtushwa usiku na mayowe ya mzazi wake.

Kwa aliye katika hali hiyo, kipimo kinachotumiwa na madaktari ni mwezi mmoja. Ndoto ya tukio la kweli ikirejea kwa zaidi ya muda huo, na mchana ukawa nao mzito, aende kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya kaunti mjini Hola, na akifika asiseme tu kwamba hapati usingizi, kwa kuwa atapewa vidonge vya usingizi na kurudishwa nyumbani. Aseme alichokiona, mwaka alipokiona, na ni mara ngapi kwa juma kinamrudia.